Barua ya Wazi kwa Watunza Ramani ya Brasília

Waheshimiwa,

YAH: OMBI LA RUHUSA YA KUTEMBEA KWA MIGUU

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mgeni kutoka Dar es Salaam. Nimeingia mjini kwenu na miguu miwili, na sasa naona kumbe ilipasa niitolee maelezo uwanja wa ndege.

Kwanza pongezi. Lúcio Costa alishinda shindano la kuuchora mji mwaka 1957, Oscar Niemeyer akabuni majengo, na tarehe 21 Aprili 1960 Rais Kubitschek wa Brazil akauzindua. Kwetu muda huo hautoshi hata kumaliza kesi ya kiwanja. Ukiutazama kwenye ramani, mji una umbo la ndege. Niemeyer mwenyewe aliogopa ndege, akawa anakuja kwa gari. Pengine ndiyo maana aliyesahaulika ni asiyepanda chochote.

Utaratibu wenu hauna mfano. Hoteli zina sekta yake, benki zina yake, hata burudani ina sekta, ya Kusini na ya Kaskazini, mtu asije akafurahi pasipo kibali. Anwani ya nyumba husomeka kama namba ya injini: SQS 308.

Shida yangu ni ile barabara kuu, Eixão. Imeupasua mji toka bawa hadi bawa, haina mataa wala zebra. Mwenda kwa miguu kachimbiwa njia ya chini. Jioni moja niliichungulia: giza totoro na harufu ya mkojo. Mama mmoja mwenye mifuko ya sokoni hakuitupia hata jicho. Alisimama ukingoni, akahesabu magari, akakimbia. Nikamfuata, roho mkononi. Jumapili mnaifungia magari, watoto wakajaa na baiskeli. Kumbe miguu ni halali mara moja kwa wiki! Nisiwaonee, lakini: kwenye barabara za ndani madereva wenu husimama penye zebra. Dar ningedhani gari limezimika.

Halafu yale majani mbele ya wizara. Yamekatwa na vijia vya udongo mwekundu, vimekanyagwa mpaka vikawa vigumu kama sakafu. Kwenye mchoro wa Costa havimo. Wanaovipita asubuhi wengi hushuka mabasi ya kutoka miji ya pembezoni kama Ceilândia, ulioanzishwa mwaka 1971 kuhamishia wakazi wa vibanda, wakiwemo waliokuja kuujenga mji huu huu.

Mtanijibu kwamba tangu 1987 UNESCO imeuweka mji kwenye urithi wa dunia, hivyo mstari haugusiki. Sawa, usiguswe. Naomba tu vile vijia mvimwagie zege, na kwenye zile njia za chini ya Eixão mfunge taa zinazowaka. Wapimaji hamwahitaji, kazi yao imeshafanywa kwa kandambili.

Wenu mtiifu,
Mgeni asiye na gari

Nakala: Wajenzi wa Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma – kwa utekelezaji kabla lami haijakauka.