Ugali kwa Maua

Dirisha la jikoni kwetu linatazama bustani ya jirani, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Tunakaa Silver Spring, Maryland, kwenye nyumba yenye kiwanja kidogo nyuma na tuta la maua kando ya uzio, urefu wake hatua zangu 12. Mwezi Mei tuta hilo halina aibu. Juni mawaridi yanatoka, wageni wanapiga picha. Ikifika mwisho wa Agosti joto limeshapita na kila kitu, petunia zimebaki nyuzi, na mtu akichungulia anadhani tumehama. Upande wa pili wa uzio anakaa bibi mmoja, mwalimu mstaafu, na kwake wakati huohuo ndiyo kwanza ngoma inaanza: maua ya manjano yenye jicho jeusi, mamia kwa mamia, yamesimama wima kama wanafunzi mstarini, na hayaondoki mpaka Oktoba.

Mama Zuhura akiosha vyombo hupandisha sauti ili inifikie sebuleni: "Wenzetu wako harusini, sisi tuko matangani."

Nikaapa kwamba mwaka unaofuata, Septemba, atapata manjano yake.

Nilipomuuliza jirani jina la ua lile alijibu kwa fahari, maana ndilo ua la jimbo la Maryland tangu 1918. Kitaalamu ni rudbekia. Watu wa hapa wanaliita Susan wa Macho Meusi. Akanipa na habari za farasi. Mashindano makubwa ya Baltimore, yanayoitwa Preakness, hufanyika Mei, na farasi mshindi huvishwa shuka la maua haya. Tatizo ni kwamba Mei rudbekia haijachanua. Basi miaka mingi wamekuwa wakichukua maua mengine ya manjano, na zamani waliyapaka nyeusi katikati. Ningekuwa na akili ningejihadhari mapema na ua ambalo hata wenyewe wanalighushi.

Machi nikaenda dukani na jina la ua kichwani. Pakiti ilikuwa na jina lilelile na picha ileile, petali za njano iliyokolea na jicho jeusi; mwishoni mwa jina palikuwa na neno dogo nililolichukulia kuwa la mapambo. Nikanunua tatu. Nyumbani nikamwaga mbegu kiganjani: za mviringo, ngumu, za kijivu, kama pilipili manga iliyotobolewa upande mmoja. Leo najua kwamba mbegu ya rudbekia inafanana na chembe ya majani ya chai. Ukipiga chafya, imekwenda. Wakati ule nilifurahi tu kwamba mbegu zangu zimenenepa.

Zikaota zote. Juni zikaanza kutafuta kitu cha kushika. Kufikia Julai zilikuwa zimeshika uzio, bomba la maji, usukani wa baiskeli ya Zuhura na kamba ya kuanikia nguo, na huko juu zikachanua rangi ya chungwa, jicho jeusi tii, zinapendeza kusema kweli. Mama Zuhura akapiga picha, akamtumia mama yake Lushoto. Jibu lilikuja kwa sauti, kwanza kicheko cha karibu nusu dakika, kisha: "Mwanangu, hilo si ndilo lililoziba njia ya chooni kwetu? Mumeo kalinunua kwa dola?"

Ndivyo nilivyojua kwamba kuna Susan wawili. Wa jirani ni mzaliwa wa Amerika ya Kaskazini. Wangu alikuwa Thunbergia alata, mmea wa kutambaa wa Afrika Mashariki kwetu, unaojiotea kwenye vichaka na kando ya njia bila kuombwa na mtu. Lile neno dogo la kwenye pakiti lilikuwa linasema hivyohivyo, kwamba unatambaa. Nikakesha nasoma, na nilichokisoma kikanichoma zaidi. Majina yote mawili yametoka Uppsala, Sweden. Mtaalamu wa mimea Linnaeus alipokuwa mwanafunzi asiye na kitu alikaa nyumbani kwa profesa Olof Rudbeck akiwafundisha watoto wake, na baadaye akalipa fadhila kwa kuwapa profesa huyo na baba yake jina la ua. Thunberg naye alikuwa mwanafunzi wa Linnaeus. Yaani nilitoka kwenda kutafuta ua la mwalimu, nikarudi na la mwanafunzi.

Septemba ikatukuta na uzi wa rangi ya chungwa kwenye kamba ya nguo, basi. Mama Zuhura alinyamaza. Kunyamaza kwake nakujua, ni hati ya deni.

Aprili iliyofuata jirani alinihurumia. Alikuja na sepetu yake, akaisimamisha katikati ya kichaka cha rudbekia kilichokuwa ndiyo kwanza kinachipua, akapanda juu yake kwa mguu mmoja, akajitikisa. Nikasikia mizizi ikikatika, kama mtu anayechana kitambaa cha turubai. Akakilaza upande, akapasua tena, mpaka kichaka kimoja kikawa vipande sita, kila kimoja na nyuzi zake nyeupe za mizizi na machipukizi matatu manne. Alinipa aina mbili. Ile fupi, ya jicho jeusi, ilikuwa Goldsturm, yaani Dhoruba ya Dhahabu. Ya pili ilikuwa ndefu, inampita mtu mzima, majani yake yamechanikachanika na petali zake zinaning'inia chini kama masikio ya mbuzi, na jicho lake si jeusi bali la kijani. Fupi mbele, ndefu nyuma, akaniagiza, na umwagilie.

Jioni nikamsimulia Mama Zuhura habari za Goldsturm ili kujipatia muda. Nilimweleza kwamba ilichaguliwa mwaka 1937 kwa ajili ya bustani ya Karl Foerster wa Potsdam, Ujerumani, lakini haikuingia sokoni mpaka 1949. Miaka 12 mtu anangoja ua moja.

"Yeye alikuwa na vita," akasema. "Wewe una nini?"

Wiki hiyohiyo mama mkwe akafika kwa ziara ya miezi sita.

Hapa inabidi nieleze hali yangu. Mimi ni mtu wa Tanga, nimelelewa. Mama mkwe namwamkia nimeinamisha kichwa, nampisha mlangoni, kiti anachopenda sikikalii hata akiwa amelala. Kumuuliza swali ambalo jibu lake litamwonyesha kakosea, hilo sikufundishwa na ukubwani sijajifunza. Naye ni mwanamke wa shamba. Hizi saa za Marekani zilimkataa kabisa. Saa kumi alfajiri yuko macho, anaswali, anajifunga khanga ya pili, anatoka nje kuangalia kunakuchaje huku.

Mwishoni mwa Mei nilirudi asubuhi kutoka zamu ya usiku nikakuta ugali umefunikwa, na pembeni bakuli la mboga. Ilikuwa ya kijani kizito, imepondeka, ina tui na karanga za kutwanga, na nyuma ya ulimi inaacha uchungu kidogo kama mchunga. Miaka mingi sijaila mboga ya namna ile. Nikala, nikaongeza, nikapangusa bakuli kwa tonge la mwisho.

"Mama, leo umenirudisha nyumbani. Mboga hii umeipata wapi?"

"Hapo nje tu, Baba Zuhura."

Nikadhani hapo nje ni duka la mboga la barabarani. Nikatoka na kikombe cha chai kwenda kuangalia tuta langu. Safu yote ya nyuma ilikuwa imekatwa, kila shina limeachwa shubiri moja kutoka kwenye udongo, mkato safi wa mtu anayejua kazi. Zuhura alikuwa kwenye ngazi anavaa viatu vya shule. Akasema bila kuulizwa: "Bibi alitumia kisu cha mkate."

Wasiwasi wangu wa kwanza, nakiri, haukuwa wa maua. Nilikwenda kwa jirani na ndala miguuni kumuuliza kama nimekula sumu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akashika uzio kwa mikono miwili na kucheka. Akasema ile ndefu, laciniata, Wacherokee wa milima ya North Carolina huila majani yake machanga kila majira ya kuchipua. Wanaiita sochan, na tangu 2019 hifadhi ya Great Smoky Mountains inawapa kibali cha kwenda kuichuma humo ndani. Mifugo ndiyo inayoweza kudhurika nayo, farasi, kondoo, nguruwe. Akanitazama juu mpaka chini akasema naonekana salama.

Tumbo lilipona siku hiyohiyo. Tuta je? Mama Zuhura nilipomwomba azungumze na mama yake alisema mama yake hajavuka bahari kuja kukaripiwa kwa ajili ya majani. Isitoshe, akaongeza, mboga imekuja na utamu wake.

Nikachagua njia ya adabu. Nilikata mambo za mbao, nikazipigilia kulizunguka tuta, nikafunga kamba safu tatu. Sikusema neno. Asubuhi yake mama mkwe alinipokea mlangoni na uso wa furaha: "Ahsante sana, mwanangu. Hawa sungura walikuwa wanatumalizia mboga." Na kweli sungura walikuwa wameshajaribu mbili tatu za mbele.

Basi ndani ya kamba zangu akaendelea kukata, kila chipukizi likifika urefu wa kiganja. Wiki tatu nilikula maua ya mke wangu kwa ugali, leo kwa nazi, kesho kwa karanga, siku moja na dagaa. Kila nikila nasifia, maana mkwe hawezi kuacha kusifia, na kila nikisifia anarudi tutani na kisu. Katikati ya Juni akaacha mwenyewe. Majani yamekuwa magumu, akasema, na uchungu umezidi.

Julai ndefu za jirani zilikuwa zimepita mita mbili. Ikaja mvua moja ya radi ikazilaza zote, akashinda siku nzima anazifunga kwenye fito. Zangu zilinifika kiunoni na hazikutikisika, nene, zimejaa matawi, kwa sababu kila shina lililokutana na kisu cha mkate lilikuwa limetoa mawili au matatu. Maua hakuna. Mama Zuhura alianza kuhesabu siku kwa sauti akiwa kwenye sinki.

Goldsturm zilizonusurika na sungura zilifungua Agosti, chache, za kutia moyo. Wiki ya mwisho ya mwezi zile za nyuma zikaanza. Sikuelewa mpaka nilipoulizia: mmea wa namna hii ukikatwa ncha mwishoni mwa Mei unaanza safari upya, unabaki mfupi, unatawanyika, na maua yake yanachelewa kwa majuma kadhaa. Waingereza wanafanya hivyo kwa makusudi, na ukataji wenyewe wameupa jina la maonyesho ya maua ya Chelsea, ambayo nayo huwa Mei. Katikati ya Septemba ndefu za jirani zilikuwa zimegeuka kahawia na chiriku wa manjano wanadonoa mbegu. Kwetu uzio mzima ulikuwa unawaka. Mama Zuhura alikuwa anaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Jumamosi moja jirani akaja kwenye uzio. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake, anachambua mchele. Jirani akauliza nani amenifundisha kukata kwa wakati ule hasa, maana yeye kila mwaka anakusudia na kila mwaka anasahau. Nikaonyesha kwenye kiti. Akamsalimia Mama kwa mikono yote miwili, akamwambia, kupitia kwangu, kwamba hajawahi kuziona zikiwa hivi, na kwamba anatamani.

Mama aliacha ungo, akalitazama tuta kutoka mwanzo hadi mwisho kwa uso wa mtu anayemwonea mwenzake huruma.

"Mwambie pole, kachelewa," akasema. "Imeshachanua, hailiki tena. Aje Mei."

Akarudi kwenye mchele wake, kisha akakumbuka.

"Mei mimi sipo. Utampikia wewe."