Namna ya Kuishi na Mzee wa Gia Tatu

Mzee akija kwako humvui koti mbele za watu. Unamwamkia, unampa kiti, unamwekea chakula na unamsikiliza. Ukifuata utaratibu huohuo, habu ya gia tatu itakutumikia mpaka wajukuu wako waigombanie.

Mzee ninayemsema ni Sturmey-Archer AW, habu iliyoanza kutengenezwa Nottingham, Uingereza, mwaka 1936. Gia zake zote zimo tumboni. Kwa nje utaona sproketi moja, cheni moja, na kimnyororo chembamba kinachochungulia kwenye ncha ya ekseli upande wa kulia. Hakuna gia za kunasa majani wala za kujaa matope.

1. Mwamkie

Futa vumbi kwenye tumbo la habu. Utakuta herufi AW, na kwa kawaida karibu yake pamegongwa tarakimu za mwaka. Yangu ina 58. Ina maana ilitoka kiwandani kabla Tanganyika haijapata uhuru, na juzi imenibebea ndoo mbili za maji kutoka bombani. Aliyekuzidi umri hapigwi nyundo. Kila nati yake ina spana yake.

2. Mjue tumbo bila kulifungua

Katikati kuna gia ndogo ya meno 20 iliyoshikamana na ekseli. Hiyo haizunguki kamwe, ndiyo jua. Kuizunguka kuna gia nne, kila moja meno 20, hizo ni sayari. Nje yake kuna pete ya meno 60. Kazi yote inafanywa na hao sita.

Gia ya kwanza: sproketi ikizunguka mara 4, gurudumu linazunguka mara 3. Ya pili: sawa kwa sawa. Ya tatu: sproketi mara 3, gurudumu mara 4. Sasa weka meno 48 mbele na 20 nyuma. Ukikanyaga pedali mzunguko mmoja, gurudumu litakwenda mizunguko 1.8 kwenye gia ya kwanza, 2.4 kwenye ya pili, na 3.2 kwenye ya tatu. Ukiishi kwenye milima, weka meno 22 nyuma, magoti yako yatakushukuru.

3. Mpe kiti

Kabla hujanunua ringi, hesabu matundu ya habu. Habu nyingi za nyuma za Kiingereza zina matundu 40, na ringi nyingi madukani zina 36. Hazioani, hata ukibembeleza. Suka spoku, kila moja ikatize tatu, kisha kaza kwa robo mzunguko huku ukizigusa kwa kidole. Za upande mmoja zikilia sauti moja, ringi iko karibu kunyooka.

Unapofunga gurudumu, usisahau washa zenye jino. Jino linaingia kwenye mpasuo wa fremu na kuizuia ekseli isigeuke. Kwenye gia ya kwanza na ya tatu lile jua linasukumwa ligeuke, nalo limeshikamana na ekseli. Bila washa hizo nati zitalegea, na siku gurudumu litakapohama utakuwa mbali na nyumbani. Cheni nayo iache icheze kama nusu inchi katikati.

4. Mlishe

Habu za zamani zina kifuniko kidogo cha oili. Fungua kila mwezi, tia matone machache ya oili nyepesi ya injini, kisha zungusha gurudumu. Mafuta ya kupikia yanaganda na kugeuka gundi. Grisi nzito inazishika pini ndogo zenye springi zilizomo tumboni zisinyanyuke, nawe utakanyaga hewa. Matone machache kila mwezi yanatosha. Mzee hali sana, ila hapendi kusahauliwa.

5. Mtazame kwenye dirisha

Hapa ndipo baiskeli nyingi zinapouawa bure. Yangu niliinunua kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu muuzaji alisema gia imekufa na baiskeli ni nzito. Nikaikokota hadi kwa fundi mmoja wa makamo, chini ya mwarobaini. Hakugusa spana. Aliinama, akachungulia nati ya kulia, akauvuta ule mnyororo kwa vidole viwili. Pedali ikawa nyepesi.

"Mwanangu," akaniambia, "huyu hajafa. Waya wake umekatika."

Waya unaovuta ule mnyororo kutoka kwenye mkono wa gia ukikatika au ukilegea kabisa, habu hii hubaki gia ya tatu, ile nzito kuliko zote. Kwa hiyo waya wa bei ya soda unaweza kuifanya habu nzima ionekane mzoga.

Kurekebisha ni hivi. Weka mkono wa gia kwenye namba 2. Kwenye nati ya kulia kuna tundu la mviringo, ndilo dirisha. Humo utaona kijiti kilichoungana na mnyororo. Mwisho wa kijiti uwe sawasawa na mwisho wa ekseli, usizame wala usitokeze. Geuza kirekebishio cha waya kidogokidogo mpaka vilingane, kisha kaza nati yake ndogo.

Usiache kulinganisha huko njiani kwa kusema "inatosha". Kati ya gia ya pili na ya tatu kuna mahali patupu ambapo pedali haikamati chochote. Mtu aliyesimama juu ya pedali akiangukia hapo, anaangukia bomba la fremu.

6. Msikilize

Unapokanyaga kwenye gia ya pili au ya tatu, mzee anasema tik, tik, tik. Kwenye ya kwanza ananyamaza. Ukimzoea utajua uko gia gani bila kutazama mkono. Unapobadilisha, acha kukanyaga kidogo, sogeza mkono, endelea. Usimkatize akiwa amebeba mzigo.

7. Usimpasue upesi

Gia ikiruka, anza na waya. Kisha oili. Kisha tazama nati na washa. Ukishamaliza hayo yote na bado anaruka, ndipo umpeleke kwa fundi aliyewahi kumfungua mwingine, ukae naye ujifunze.

Siku utakayokuta sokoni baiskeli ya zamani inayoitwa nzito, usiipite. Inama, chungulia lile dirisha, uvute mnyororo kwa vidole viwili. Pedali ikiwa nyepesi, mwamkie mzee umpeleke nyumbani.