Mjukuu Wako Ataikuta

Muuzaji wa Kariakoo hukutajia bei kwa Kiswahili, lakini sifa za bidhaa huzitaja kwa Kiingereza. Ndoo ni "unbreakable", pasi ni "heavy duty", na kamba ya kuanikia nguo, Mungu atusamehe, ni "super strong". Aliyeniuzia taa za sebuleni alinigeuzia boksi nisome mwenyewe: "Long Life, 30,000 Hours." Kisha akashusha sauti kama ananiibia siri. "Bosi wangu, hii mjukuu wako ataikuta."

Hesabu niliipigia kwenye daladala. Saa 30,000, ukiwasha taa saa tano kila usiku, ni miaka 16 na ushee. Kitinda mimba wangu alikuwa chekechea. Angemaliza kidato cha sita chini ya mwanga uleule.

Taa ya kwanza ilifariki kabla mtoto hajamaliza irabu. Ya pili ikaanza kukonyeza wageni. Fundi umeme akaipasua kwa bisibisi na kunionyesha: vile vipunje vya njano vinavyotoa mwanga vilikuwa vizima. Kilichokufa ni saketi iliyofichwa shingoni, inayotayarisha umeme wa ukutani kabla haujafika kwenye vipunje. Kapasita yake ilikuwa imevimba utosi. Joto la Dar, na umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika, ndio wauaji wake wakuu.

"Mzee, hizi saa 30,000 ni za vipunje," fundi akasema huku akifuta mikono. "Hii saketi haijaandikiwa saa yoyote."

Kumbe boksi halikudanganya. Lilichagua tu kiungo cha kusifia.

Mke wangu naye ana kesi yake na maziwa ya "long life". Mdogo wake alikuja kutusalimia kutoka Njombe, akafungua paketi Ijumaa, akaiacha mezani pembeni ya kopo la sukari. Jumapili walikuja wanakikoba wenzake mke wangu. Chai ikamiminwa, maziwa yakatiwa, yakakatika palepale mbele ya mweka hazina. Maziwa yale kiwandani hupashwa moto hadi nyuzi 135 au zaidi kwa sekunde chache, kisha hufungwa kwenye paketi iliyosafishwa vijidudu. Hayo maisha marefu ni ya paketi iliyofungwa. Ukishakata kona yake, unahesabu siku chache, tena ndani ya friji. Nilimweleza shemeji yote hayo. Akanijibu neno ambalo hadi leo silipatii jibu: "Sasa shemeji, kama yanataka friji, urefu wa maisha uko wapi?"

Kikaango nacho kilikuja na "lifetime guarantee". Mpini ulipong'oka na mayai yakiwa hewani, nilikirudisha dukani. Kijana wa kaunta akasoma kile kikaratasi chenye maandishi ya ukubwa wa siafu, akanifafanulia kwa upole kwamba maisha yanayotajwa pale ni ya kikaango, si yangu. Kikaango kikifa, dhamana imekwisha. Nilipofungua mdomo akanielekeza kwenye mhuri wa risiti, ambao ndio maandishi pekee ya Kiswahili katika biashara nzima: mali ikishauzwa hairudishwi.

Tusiwaonee Kariakoo peke yao. Desemba 1924 kampuni kubwa za taa duniani, Osram na Philips zikiwamo, zilikutana Geneva na kuunda umoja ulioitwa Phoebus. Zilikubaliana taa iishi saa 1,000, wakati nyingi zilikuwa zikifika 1,500 na kuendelea. Kampuni ambayo taa zake zilipitisha muda huo ilipigwa faini. Hebu fikiria: fundi anaitwa ofisini kukaripiwa kwa sababu taa yake haifi!

Na taa isiyokufa ipo. Inaning'inia katika kituo cha zimamoto mjini Livermore, California, na imekuwa ikiwaka tangu 1901. Ilitengenezwa Ohio, na siku hizi mwanga wake ni hafifu, kiasi cha wati 4. Mwaka 2013 ilizimika usiku, watu walioitazama kwa kamera ya intaneti wakaanza kuilia. Asubuhi ikagundulika kwamba taa ni nzima. Kilichokufa ni kifaa kilichowekwa kuhakikisha haikatikiwi umeme, ambacho bila shaka kilikuja na maandishi mazuri kwenye boksi.

Pale kwetu vitu vilivyozeeka navyo vina hulka ya ukimya: havijisifu. Pasi ya mkaa ya mama mkwe, yenye jogoo wa kufungia kifuniko, haijui hata neno moja la Kiingereza. Imeshazika pasi za umeme ambazo nimeacha kuzihesabu. Dumu la njano la lita 20 lilikuja na mafuta ya kula, lebo ikabanduka wiki ya kwanza; limebeba maji, mafuta ya taa, togwa ya kipaimara, na sasa limekatwa ubavu, linanyweshea kuku. Jina lake nalo si la bure.

Kwa hiyo, msomaji, ukienda kununua taa, boksi usilisome. Mwombe muuzaji aandike kwa kalamu nyuma ya risiti, kwa Kiswahili, kwamba ikizimika kabla ya miezi sita anakupa nyingine, kisha aweke tarehe na sahihi. Akianza kukohoa, rudisha pesa mfukoni.