Jinsi ya Kuomba, Kufunga na Kubaki na Presha Yako Palepale

Karibu Kwale, mpendwa. Umepata kazi ya jikoni kwenye hoteli moja ya Diani, umevuka feri ya Likoni na begi moja na Biblia yenye jaketi la zipu, na sasa umepanga chumba Ukunda. Jambo la kwanza kuuliza si hospitali iko wapi. Hospitali utaonyeshwa siku utakayobebwa. Uliza kanisa.

Hutahangaika. Shuka stejini, ingia uchochoro wowote ulio nyuma ya maduka, fuata spika. Wadigo ndio wenyewe wa pwani hii, na karibu wote ni Waislamu; sisi Wakristo wengi wetu tumeletwa na kazi kutoka bara. Basi tumeona busara kufidia uchache wetu kwa sauti. Kanisa zuri ni lile la mabati lenye watu arobaini na spika za kutosha uwanja wa mpira. Ukikaa mstari wa mbele, masikio yatalia mpaka Jumanne. Huo ni upako. Daktari ana jina lake la jambo hilo, lakini yeye hajaokoka.

Ukishapata kanisa, malizana na usingizi. Kesha ni Ijumaa, kuanzia saa tatu usiku mpaka alfajiri, na shifti yako ya kifungua kinywa inaanza saa kumi na mbili. Hesabu hizo zisikutishe. Oga haraka, vaa aproni, nenda ukakate mananasi ukiwa umefumba jicho moja. Ukijikata kidole, kikemee kisu. Usiwasikilize wanaokukumbusha habari za Eliya, aliyekimbilia jangwani akiomba afe, na malaika hakumwitia kesha bali alimwacha alale, akamletea mkate na maji, kisha akamwacha alale tena. Hilo ni Agano la Kale. Wewe shika Matendo sura ya 20: Paulo alihubiri kule Troa mpaka usiku wa manane, kijana Eutiko akasinzia dirishani, akaanguka kutoka orofa ya tatu. Wahubiri wetu wameisoma habari hiyo kwa makini na wametoka na funzo moja tu, kwamba Paulo alirudi juu akaendelea mpaka kukapambazuka.

Kuna wakati tuliponea chupuchupu. Julai 2020, makanisa yalipofunguliwa baada ya kufungwa kwa sababu ya korona, serikali iliamuru ibada isizidi saa moja, waumini wasizidi 100, na wenye zaidi ya miaka 58 wabaki nyumbani pamoja na watoto wa chini ya miaka 13. Ikagundulika kwamba nyimbo, mahubiri, matangazo na hata sadaka vinaenea ndani ya dakika 60. Tangu hapo tumejitahidi sana jambo hilo lisahaulike.

Sasa tuje kwenye kufunga, maana huko ndiko uliko ufundi wenyewe. Mfungo mkubwa ni wa siku 21 za Januari. Januari ya huku si ya Limuru: kaskazi inavuma, jua linachoma tangu saa mbili asubuhi, na ukisimama karibu na jiko la hoteli jasho linakuishia. Ndiyo maana unatakiwa ufunge kavu, bila hata tone la maji. Na hakikisha watu wanajua. Yesu aliagiza mfungaji anawe uso na ajipake mafuta ili watu wasimtambue, lakini yeye hakuwa kwenye kundi la WhatsApp la kanisa. Ongea kwa sauti ya chini. Midomo ikikauka, usiilambe. Ukialikwa chai, sema "niko mlimani", hata kama Ukunda nzima ni tambarare. Jioni fungua kwa chapati tatu, sahani ya viazi karai na soda baridi ya lita moja, kisha ulale hapohapo. Mwezi ukiisha utakuwa umeongeza kilo mbili, nawe utasimama kushuhudia jinsi Bwana alivyokunenepesha katikati ya njaa.

Jihadhari tu na jirani yako, yule mama wa Kidigo anayekaanga viazi kibarazani. Amefunga Ramadhani tangu utotoni na habari za mlimani hazimtishi.

"Mwanangu, daku mlikula nini?"

"Sisi hatuli daku, mama. Tunafunga kavu."

"Na mkifungua mnaanza na nini?"

"Soda."

Atageuza viazi vyake bila kusema kitu. Kisha atauliza swali la kuudhi: "Na yule mwenzenu mwenye sukari, naye amefunga?" Mjibu kwa fahari kwamba huyo ndiye anayeongoza maombi. Atakuambia kwamba kwao mgonjwa hafungi. Atalipa siku zake akipona, na kama ugonjwa wenyewe si wa kupona, atalisha maskini. Mjamzito anayejihofia naye ana ruhusa. Wamekaa na saumu miaka mingi hata wameiwekea utaratibu wa tende, maji na uji. Wewe usikubali utaratibu. Mwenye sukari akimeza dawa asile, sukari inashuka, anatetemeka, jasho linamtoka, maneno yanamvurugika. Wengine watadhani ananena kwa lugha, waache. Mngempa maji ya sukari mapema asingeanguka, lakini mahubiri ya siku hiyo yangepoa.

Hapa niweke mzaha kando kwa mistari michache. Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola huko Kilifi, polisi walianza kufukua makaburi ya watu wanaodaiwa kuambiwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Miili iliyotolewa ilipita 400, na mingi ilikuwa ya watoto. Tangu mwaka huo, muumini wa pwani akimwambia mchungaji wake "Mungu ameniambia nisile", neno hilo si la kuitikiwa amina. Ni la kuitiwa ndugu zake, na daktari.

Turudi kwenye mwongozo. Utahitaji kubatizwa, na kwa maji mengi. Kwale ina maji ya aina mbili, na kila moja ina mtego wake.

Ya kwanza ni kidimbwi. Maeneo ya Msambweni yana vidimbwi na vijito vizuri, vyenye magugu kandokando na konokono wadogo wametulia juu ya majani, mahali pa amani kabisa. Watafiti wamekuwa wakija hapo tangu miaka ya 1980, na hawakufuata amani. Walifuata kichocho. Konokono hao hutoa vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyopenya ngozi ya mtu akiwa amesimama majini dakika chache tu. Baadaye minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya karibu na kibofu, na mtu huanza kukojoa damu. Sehemu nyingi za Afrika, watu walizoea kuona mvulana anakojoa damu wakasema basi, amekua. Vijidudu hutoka kwa wingi zaidi jua linapokuwa kali, kuelekea adhuhuri. Na ibada yetu inaisha saa ngapi? Basi panga ubatizo saa sita na nusu. Wabatizwa kumi na wawili wasimame foleni majini, maji magotini, wakati mchungaji anaeleza tofauti ya ubatizo wa Yohana na ule wa Roho. Akitokea mwenye kumpenda Naamani, azamishwe mara saba. Dawa ya kichocho ipo, inaitwa prazikwanteli, na hunywewa kwa kadiri ya uzito wa mtu, ila hailindi anayerudi majini Jumapili ijayo kumsindikiza shemeji.

Ya pili ni bahari. Konokono wa kichocho hawaishi kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo Diani ni salama kwa kibofu. Tatizo ni kwamba watu wa bara tunadhani bahari iko pale wakati wote. Siku za bamvua, saa nne au saa tano asubuhi, maji yamekupwa mpaka kwenye mwamba. Utawaona akina mama wenye kanzu nyeupe wakitembea, wakitembea tu, wakikwepa vile viumbe vyeusi vya miiba, na maji bado yako kwenye vifundo vya miguu. Mchungaji hawezi kurudi, maana kwaya imeshaanza. Itabidi mbatizwa alale chali, na wazee wawili wamgeuze ubavu wa pili ili palowe pote. Mzungu kwenye kitanda cha hoteli atainua simu. Mwenye ngamia atasimama. Mvuvi yeyote angekuambia urudi saa kumi jioni maji yakijaa, lakini mvuvi ni Mwislamu, utamuulizaje habari za ubatizo?

Kuhusu chakula nitakuwa mfupi, maana huku sisi si wa kufundishwa kula. Kanisani kuna mnada wa mazao: mchicha, boga, mafungu ya mihogo, mapapai. Boga litapandishwa mpaka shilingi mia tano kwa shangwe. Mshindi atalipeleka nyumbani, litakaa juu ya kabati mpaka lioze, kwa sababu watoto hawali boga. Waadventista nao wana habari zao za mboga na karanga na kutovuta sigara. Huko California, Marekani, watafiti waliwafuatilia kwa miaka mingi, wakakuta wanaume wao wanaishi miaka kama saba zaidi ya majirani zao, na wanawake kama minne. Lakini hebu jiulize, miaka saba zaidi bila nyama choma inahesabiwa vipi? Mafuta ya upako utauziwa kwenye chupa ndogo. Kama ni ya zeituni kweli, usiyapoteze kwenye paji la uso; yangekuwa kwenye kikaango badala ya yale ya mgando, moyo wako ungeshukuru.

Mazoezi ruka. Kutoka chumbani kwako mpaka kanisani ni mwendo wa dakika sita, na bodaboda ni shilingi hamsini tu.

Tumefika kwenye dawa. Kabla hujaamua kwamba dawa ni ukosefu wa imani, nakuomba uwasamehe waliotutangulia. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 kuleta injili. Kabla ya Julai kwisha alikuwa amemzika mkewe Rosine, na kitoto chao kichanga kikamfuata mamake. Ni homa. Krapf mwenyewe aliugua kitandani, na watu wale walikuwa wakiomba asubuhi na jioni. Aliendelea, mwenzake Rebmann akaja 1846, wakaanza kituo cha Rabai. Hakuna aliyejua kwamba anayeleta homa ni mbu mpaka 1897, Ronald Ross alipomkuta na vijidudu vya malaria tumboni. Rosine hakuwahi kujua kinga ni nini. Wewe umepewa chandarua bure zahanati, na umekizungushia bustani ya sukuma wiki ili kuku wasiingie. Kuku wako salama.

Presha ndiyo yenye raha zaidi kwa sababu haiumi. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana presha ya juu, na wengi wao hawakuwa na habari. Ulikuwa utulivu mzuri. Kisha Septemba 2023 serikali ikawapa wahudumu wa afya wa jamii, kama laki moja hivi, mikoba yenye mashine za kupima presha na sukari, na sasa wanakufuata mpaka mlangoni. Wako atakuja Jumatano alasiri, mama wa mtaani mwenye fulana ya kazi na ndala. Atakuambia ukae, miguu ichi, usiongee. Utaongea. Mkanda utavimba mkononi, utalegea, namba zitatulia.

"Kaka, ni 172 kwa 104."

"Nakataa kwa jina la Yesu."

"Sawa. Tupime tena."

Atangoja dakika chache, apime tena. "Sasa ni 176. Ukikataa inapanda."

Atakuandikia uende kliniki. Mwambie unaliombea jambo hilo kwanza. Asipoondoka, akuulize kwa nini Isaya, nabii mzima, alipomwendea mfalme Hezekia aliyekuwa na jipu aliagiza abandikwe tini, na kwa nini Paulo alitembea na Luka aliye daktari, mwambie ukirudi kwenye Biblia utachunguza. Ukizidiwa ukaenda ukapewa vidonge, vimeze mpaka kichwa kiache kuuma, kisha uache na ushuhudie Jumapili kwamba umepona. Vilivyobaki mpe dada wa kwaya ambaye shingo inamkaza. Presha ikirudi, na itarudi, sema ni ya pili, si ile ya kwanza.

Ikikushinda kabisa, panda matatu mpaka Msambweni, hospitali ya rufaa ya kaunti. Ondoka alfajiri. Foleni ya kliniki ya presha huanza mapema, na wenye uzoefu hukaa mbele. Huyo mzee wa tatu kwenye benchi, mwenye kofia iliyoshushwa mpaka kwenye nyusi, unamfahamu. Ni mchungaji wako. Atafungua zipu ya jaketi la Biblia na kutoa kadi ya kliniki yenye mihuri ya kila mwezi, hakuna mwezi uliorukwa, pamoja na vidonge vilivyofungwa vizuri kwa mpira. Msalimu: "Bwana asifiwe, mchungaji." Ataitikia amina, atarudisha kadi haraka, atakuambia amemsindikiza mgonjwa.

Usimuulize mgonjwa yuko wapi. Muulize tu wanaita kuanzia saa ngapi, anajua.