Nani Ataamka Kutia Petroli?

Jenereta ya kubeba mkononi huwa na tangi dogo kuliko hamu ya anayeinunua. Ile ya Honda ya wati 2,200, ambayo wapiga kambi wengi duniani wameifanya kipimo, inachukua lita 3.6 za petroli. Ukiipa mzigo mwepesi, robo ya nguvu zake, inakwenda muda wa saa nane hivi. Ukiikamua, saa tatu na kidogo imeshakauka. Ya kwetu ni ndugu yake wa mbali, wa bei ya chini na sauti ya juu, lakini tangi ni saizi ileile. Sasa iwashe baada ya magharibi, halafu piga hesabu. Saa nane za usiku, wakati ambao hakuna mwenye akili timamu anayetaka kutoka blanketini, inakohoa mara mbili na kuzima, na watu wazima wote ndani ya karavani wanajifanya wamelala.

Hapo ndipo fikra ya tangi la nje inapozaliwa. Wanaume watakueleza habari za mzigo, matumizi na ufanisi. Wasikilize kwa adabu. Swali lenyewe ni nani ataamka kutia petroli.

Muscat, kuanzia Mei hadi Septemba, joto huweza kupita nyuzi 40 na sisi tunaishi ndani na viyoyozi vyetu. Novemba ikibisha hodi mji mzima unatoka nje: wenye boti Bandar Khayran, wenye miguu Jebel Shams, wenye familia kubwa kama yetu mchanga wa Sharqiya, ule ambao wazee wanauita Ramlat al-Wahiba. Ni kilomita mia mbili hivi kutoka mjini. Tunakwenda kote huko kutafuta jangwa, na la kwanza tunalolifanya tukifika ni kulitia umeme. Friza ya samaki na nyama ya mishkaki, televisheni ya mpira, taa za rangi za watoto, birika la umeme ambalo peke yake linatosha kuipigisha jenereta magoti. Mkaa tunao pia. Tunao wa mapambo.

Mume wangu aliingiwa na maradhi ya jenereta Juni 2007, kimbunga Gonu kilipoipiga Muscat na mitaa mingi ikakaa bila maji wala umeme. Mdogo wake aliyapata Unguja, katika kiza kile kirefu cha Desemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wa kutoka bara ulipokatika na kisiwa kizima kikaishi kwa mishumaa na ngurumo za majenereta vibarazani. Kwa maelezo yake mwenyewe, alihitimu ufundi katika miezi ile. Mama yao, yaani mama mkwe wangu, alikuwepo pia, na ushahidi wake haufanani na wa mwanawe. Anasema shemegi yangu alihitimu kuazima dumu.

Toleo la kwanza la tangi la nje lilijengwa uani kwetu Al Khoud, Alhamisi jioni. Shemegi alikuja na dumu la plastiki lililokuwa la mafuta ya kupikia. Kijana wa pampu aliitazama picha ya alizeti ubavuni mwake, akatikisa kichwa, wakarudi kutafuta dumu la chuma. Nadharia yao ilikuwa ya tangi la maji. Nyumba nyingi za hapa zina tangi juu ya dari, maji yanashuka yenyewe, basi na petroli iwekwe juu ishuke yenyewe. Dumu likapandishwa juu ya paa la gari, kifuniko cha jenereta kikatobolewa kwa dreli, mpira ukapita kwenye tobo.

Walichokisahau ni boya. Maji yakishuka chooni, tangi likijaa, boya hupanda likafunga njia. Petroli inayoshuka kutoka juu ya paa kwenda kwenye tangi la jenereta haina wa kuiambia basi. Ilijaa, ikapanda, ikatoka pembeni mwa tobo, ikateremka taratibu ubavuni mwa mashine na kusambaa kwenye vigae. Mume wangu alishika mpira. Mdogo wake alishika kifuniko. Hakuna aliyeshika dumu.

Na hapo mlango wa jikoni ukafunguka. Alhamisi jioni ndiyo siku ya mama mkwe kuifukiza nyumba. Alitoka na chetezo mkononi, makaa mekundu tele, ubani wa Dhofar unatoa moshi, yeye mwenyewe anasoma chini kwa chini na kuelekea uani kama afanyavyo wiki zote. Shemegi alipiga yowe ambalo sikuwahi kulisikia kwa mwanamume mwenye ndevu.

“Mna nini nyie?” akauliza mama.

“Petroli, mama! Rudi, rudi!”

Akasimama. Akanusa. Hakukimbia, si mtu wa kukimbia. Aligeuka na chetezo chake, akapita sebuleni, akatokea mlango wa mbele, akaenda kusimama barabarani akipokea salamu za majirani, huku wanawe wakimwaga mchanga uani na kugombana kwa sauti ya chini. Aliporudi alisema moja tu: “Mlikuwa mnataka kunichoma kabla ya safari au baada ya safari? Nijue kama nifunge mzigo.”

Toleo la pili lilikuwa la watu wanaojua. Fundi mmoja Wadi Kabir, Mmalabari mpole, alikitazama kifuniko kilichotobolewa kwa huruma, akauliza boti yetu iko wapi. Hatuna boti, tukamwambia. Basi nunueni tangi la boti, akasema, lile jekundu la lita 24 ambalo wavuvi wa Seeb wanafungia mashine zao, na wa Nungwi pia ukitaka kujua. Tangi hilo huja na mpira wake, katikati ya mpira kuna kipira cha kubinya kwa mkono, na juu ya kifuniko pana skrubu ndogo ya kupitishia hewa. Yeye alitutilia nipeli ya shaba na washa za mpira kwenye kifuniko kipya cha jenereta, akakiziba kisipitishe hewa hata chembe. Kwa Kiarabu kidogo, Kihindi kingi na vidole kumi, akatueleza siri yake, nami nakiri nilifurahi kuliko wenye jenereta.

Jenereta ya namna hii ina pampu yake ndogo inayovuta petroli. Kifuniko kikiwa kimezibwa, kila tone linaloondoka tangini linaacha nafasi ambayo hewa haiwezi kuingia kuijaza. Nafasi hiyo ndiyo inayoivuta petroli kutoka tangi la nje kupitia mpira. Kwa hiyo tangi la nje halipandishwi popote. Linakaa chini mchangani, mbali na joto la ekzosi, na hata mpira ukichomoka hakuna kinachomwagika kama mvua. Sharti tangi la jenereta lijazwe pomoni na mpira ujazwe kwa kile kipira kabla ya kuwasha. Hamna umeme, hamna swichi. Bei ya petroli hapa ilifungwa mwisho wa 2021, ile ya daraja la M91 ikiwa baisa 229 kwa lita, kwa hiyo tangi zima lilikuwa riali tano na nusu. Kwa pesa hizo mume wangu aliona amenunua usingizi wa kudumu.

Bidiya tulipunguza upepo wa matairi, tukaingia mchangani, na mama mkwe akachagua mahali. Kabla ya kuwaruhusu kuiteremsha jenereta alirusha kiganja cha mchanga kuangalia upepo unakokwenda. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na haimwamshi mtu aliyelala. Mama hajui jina hilo. Anajua tu kwamba Unguja mwaka ule alikohoa na kuumwa kichwa mpaka alipoihamisha jenereta ya jirani kwa mkono wake. Ikawekwa mbali, upande wa chini ya upepo.

Usiku ule haikungoja saa nane. Ilizima saa tano, mpira wa televisheni ukiwa dakika ya themanini na kitu, tangi la lita 24 limejaa. Ndugu wawili walitoka na taa za kichwani. Wakafungua plagi, wakaipuliza, wakaifuta kwa ncha ya kanzu. Wakaitilia shaka kabureta. Wakamtilia shaka Mmalabari. Mama mkwe alijifunga kanga yake, akatoka, akalitazama tangi jekundu likiwa limebonyea mashavu pande zote mbili.

“Kopo la maziwa mnalitoboa matundu mangapi?”

“Mawili, mama.”

“Kwa nini?”

Kimya. Akainama, akaishika ile skrubu ya juu kwa kidole gumba na cha shahada, akaizungusha. Tangi likavuta pumzi ndefu, fyuuu, mashavu yakarudi. Mume wangu alivuta kamba mara moja tu, taa zikawaka, na wale watu wakaanza kupongezana kana kwamba yule bibi alikuwa anapita njia.

Ikanguruma mpaka asubuhi. Sasa nyinyi mliozoea jenereta ndogo hamjui neema mliyonayo, kwa sababu jenereta ndogo hufa yenyewe na ukapata saa tatu za usingizi wa kweli kabla ya alfajiri. Hii haikufa. Saa nane inanguruma, saa tisa inanguruma, friza nayo inajibu. Watoto walilala na mito masikioni. Mimi nilihesabu bati za dari ya karavani. Mume wangu pekee alikuwa na furaha, na yeye pia hakulala, alikuwa anaisikiliza.

Baada ya sala ya alfajiri akaja mzee kutoka hema la jirani, kilemba chake, bakora yake, akatoa salamu kwa Kiarabu kizuri na kuuliza kwa upole kama mashine yetu ina ugonjwa unaoizuia kuzimika. Shemegi alimjibu vizuri kwa Kiarabu, kisha akageuka kunitazama na kusema kwa Kiswahili: “Jangwa lote hili, huyu mzee hajaona pa kulala ila hapa?”

“Nimepaona, mwanangu,” akasema mzee, kwa Kiunguja kilichonyooka. “Tangu juzi nalala hapa. Nyie ndio mmenikuta.”

Mtu wa Muscat anaweza kusahau, lakini Sharqiya si mahali pa kumsengenya mtu kwa Kiswahili. Huku Bidiya, Ibra na Mudhairib ndiko zilikotoka jamaa nyingi zilizohamia Unguja, na baadhi walirudi huku baada ya mapinduzi ya 1964, na zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Ukitupa jiwe unampiga mtu aliyekula urojo Forodhani. Mzee alikaribishwa kahawa na halua, akatajiwa mitaa ya Unguja, akamjua mjomba wa mama. Lakini mama mkwe hakuinua uso wake muda wote ule. Aliona haya.

Kuanzia usiku uliofuata jenereta ikawa na tabia mpya. Watu wakishalala, inazima. Hakuna anayeamka, maana kimya hakimwamshi mtu. Alfajiri ndugu wawili wanaikuta imekufa, petroli imo tele, skrubu iko wazi, wanavuta kamba mara moja na inawaka bila kinyongo. Walibadilisha plagi. Walimwaga M91 wakatia M95, baisa kumi zaidi kwa lita. Walikagua mpira kwa sabuni na maji. Shemegi alianza kuzungumzia Bahla na majini yake, ingawa Bahla iko mbali kabisa na pale na sijasikia jini wa huko anayejali mafuta. Mzee wa jirani alikuja kutoa maoni, akalala fofofo siku zile na kusema hewa ya mwaka huu ni nzuri.

Mimi niliijua sababu kwa pua. Mama mkwe alinipa kikombe cha kahawa asubuhi moja, na kidole gumba chake kikanuka petroli. Nilimtazama. Akanitazama.

“Nilikwenda kutia udhu,” akasema.

Bibi wa watu huamka kabla ya sisi sote, na kabla ya kulala hutoka kutazama nyota. Skrubu inafungwa wakati wa nyota, inafunguliwa wakati wa udhu. Sikuulizwa kitu, na mimi si mkwe wa kusema asiloulizwa.

Tulirudi Al Khoud na uchunguzi unaendelea. Kabureta imefunguliwa juu ya meza yangu ya kulia na kufungwa tena. Juzi nilimsikia mume wangu akimwambia mdogo wake kwamba amelipata: ni umande. Petroli haipendi umande wa Sharqiya, kwa hiyo safari ijayo watalijengea tangi kibanda cha mbao, chenye kufuli. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Akauliza kwa upole kama funguo zitakuwa mbili, na kama moja anaweza kukaa nayo yeye, maana wao, masikini, hupoteza vitu.