Sifa za Matope ya Kakamega

Malenga wameisifu bahari, wakausifu mwezi na macho ya wapenzi, vitu ambavyo havikuwa na haja ya wakili. Lakini matope, yenye fadhila nyingi na mahasidi wengi zaidi, hayajapata mtu wa kuyatetea. Na maadamu Oktoba ni wakati ambapo Wazungu kwao huenda miji ya milimani kutazama majani yakipukutika, na watu wa Nairobi na Mombasa hupanga siku mbili tatu za kupumzika katika Msitu wa Kakamega, ambao majani yake hayajui majira hayo, nimeona ni faradhi kuyataja tuliyojaaliwa badala yake.

Nasaba yake ni tukufu. Baba yake ni mvua, ambayo mawingu yake hutoka upande wa Ziwa Viktoria yakapanda hadi nchi iliyoinuka mita 1,500 na zaidi juu ya bahari, yakamwaga aghalabu baada ya adhuhuri, hata jumla ya mwaka ikakaribia milimita 2,000. Na mama yake ni udongo mwekundu uliolea msitu ambao zamani uliungana na misitu ya Kongo. Ni nani miongoni mwetu awezaye kuwataja wazazi wake kwa vipimo?

Wala si fukara. Dhahabu ilipovuma Kakamega mwaka 1931, walowezi waliofilisiwa na kuporomoka kwa bei za mazao walikuja mbio, wakainama mitoni kuyaosha matope kwa unyenyekevu ambao wenyeji hawakuwahi kuuona kwao. Hivyo matope yakafaulu pale mahubiri yaliposhindwa. Na serikali ilipoibadili sheria ya ardhi za wenyeji mwaka 1932 ili wachimbaji wapate nafasi, matope peke yake yalikataa kubagua, yakaendelea kuwaangusha wote sawasawa.

Lakini hekima yake hudhihirika zaidi katika mambo ya ratiba. Mgeni huja ameandika saa na dakika: alfajiri kilima cha Buyangu, asubuhi Isecheno, adhuhuri Jiwe la Ilesi, alasiri tena msituni. Matope huisoma karatasi hiyo kwa staha, kisha huifuta. Gari huzama, vijana hutokea vichakani kwa wepesi wa kustaajabisha, ujira wa kusukuma hujadiliwa kwa adabu na kwa kirefu, na mgeni, ambaye angepita mbio, husimama muda wa kutosha kuwaona mbega wakirukaruka matawini. Akikimbilia bodaboda, dereva humwamuru ashuke atembee penye utelezi, awe mkurugenzi au tarishi.

Mahasidi hudai kwamba yanachafua nguo. Yanaandika ushahidi, bwana! Aliyeshinda hotelini akinywa chai hawezi kurudi kwake akajigamba kwamba aliukata msitu kwa miguu, kwa kuwa viatu vyake vitamkana mbele ya jamaa zake.

Basi apendaye nyayo safi na angoje Disemba hadi Februari, matope yanapokuwa likizoni. Na ashikiliaye Oktoba achukue mabuti ya mpira, aingie msituni mapema, na alasiri yake aiache bila miadi, maana imekwisha kupangwa na wenyewe.