Kwa Mheshimiwa Waziri, Kuhusu Minyoo

Kwa Waziri wa Ushirikiano wa Maendeleo na Biashara ya Nje wa Sweden,
Gustav Adolfs torg, Stockholm.

Mheshimiwa,

Shikamoo. Najua hapa Sweden hata mtoto wa darasa la kwanza anaweza kumwita waziri "wewe" na asionekane mkosefu wa adabu. Niwie radhi, mimi nimelelewa pwani ya Afrika Mashariki, ambako mkubwa huamkiwa kwanza. Natumaini u mzima, na nyumbani hawajambo.

Sithubutu kukupotezea wakati kwa mambo makubwa. Nililokuja nalo ni dogo kweli: urefu wake mara nyingi haufiki milimita moja.

Mita moja ya mraba ya tope la mikoko yaweza kuwa na minyoo duara zaidi ya milioni. Pamoja nao wamo kopepodi, jamaa wadogo mno wa kamba, na foraminifera, viumbe wa seli moja ambao wengi wao hujijengea makombe ya chokaa. Minyoo hao huzaliwa, huzaa na kufa mle mle topeni. Hawana mabuu ya kuelea kwenda kwingine, kwa hiyo maji yakichafuka hawana pa kukimbilia. Oksijeni ikipungua, kwa kawaida kopepodi ndio hutangulia kutoweka. Baadhi ya minyoo hustahimili, wengine hata hunawiri. Anayejua kuwatofautisha hujua tope limeugua kabla mvuvi hajalalamika. Ni wakaguzi wa hesabu wasiodai posho, na serikali inayosisitiza matokeo yanayopimika, kama yako tukufu, nadhani ingewapenda.

Tena si wageni kwako. Chuo Kikuu cha Stockholm kina kituo cha utafiti kisiwani Askö tangu 1961, na ndugu zao wa Baltiki wamechunguzwa sana, katika bahari ambayo vilindi vyake vingi havina oksijeni. Kisha ushirikiano wa sayansi za bahari uliogharamiwa na Sweden ukaifikisha elimu hiyo Zanzibar. Mwaka 1995 Emil Ólafsson wa chuo hicho alichapisha utafiti kuhusu minyoo duara wa mikoko ya Afrika Mashariki. Mwaka huo huo, yeye na wenzake, akiwemo Simon Ndaro wa Tanzania, walitoa mwingine: mashamba ya mwani, yanayowapa kina mama wa Unguja fedha yao wenyewe, yanawafanya nini viumbe wa mchanga ulio chini yake? Mwaka 1997 Ólafsson na Ndaro wakageukia kaa wadogo wa mikokoni. Hapo ndipo napenda zaidi. Mtu akikuta tope halina kitu, asikimbilie kulaumu bomba la majitaka la hoteli. Huenda kaa wamepita wakala viumbe wake. Bila kujua kaa wanakula nini, huwezi kujua uchafu umeua nini.

Ujuzi huu haununuliwi dukani. Mnyoo hutambuliwa kwa umbo la kinywa chake, kwa meno yake, kwa mkia wake, mmoja mmoja chini ya hadubini, na mwenye kuzoea kazi hiyo amekaa nayo miaka. Akikatiwa fedha katikati, sampuli hubaki ndani ya chupa za fomalini zisizo na msomaji.

Sasa, kwa unyenyekevu wote, nagusa Juni 2023. Serikali ilisimamisha fedha mpya za utafiti wa maendeleo zilizokuwa zikipitia Baraza la Utafiti la Sweden, na watafiti walikuwa wamekwisha kutuma maombi yao. Kama kalamu ilikuwa yako au ya aliyekutangulia, siulizi. Kuuliza hivyo kungekuwa utovu wa adabu. Wala siombi mrudi kwenye asilimia moja ya pato la taifa mliyoiacha 2022. Bajeti ya misaada ya mwaka 2023 ilipangiwa kronor bilioni 56, na mimi si mtu wa kuhesabu fedha za wenyewe.

Naomba tu, ikikupendeza, kalenda ya Baraza irudishiwe mstari mmoja: utafiti wa maendeleo, pwani za tropiki zikiwemo, na Mtanzania akiwa mwombaji mwenza badala ya mbeba ndoo za tope. Jibu si lazima liwe refu, Mheshimiwa. Tarehe ya mwisho ya kupokea maombi yatosha.

Wako mtiifu,
Mkaazi wa Husby